Tumbo la Asubuhi na Tumbo la Jioni

Fundi Tepu alikuwa na jicho, jamani. Walimpa jina hilo kwa sababu tepu ya kupimia haikushuka shingoni mwake, hata akienda dukani. Mteja akiingia tu mlangoni, yeye alishajua gauni litabana wapi. Fundi wa kweli huyu, si wa kubahatisha.

Lakini gauni lake mwenyewe lilimshinda. Asubuhi lilimkaa vizuri, jioni halifungiki; akalipanua, asubuhi likampwaya. Majirani wakaanza kumpongeza. "Tutalea lini?" waliuliza. Alicheka nao, kisha akaingia ndani akalia. Miaka arobaini na saba, mtoto gani tena?

Ukweli aliujua peke yake. Alikaa siku saba, hata nane, bila kupata choo. Tumbo lilijaa gesi, likawa gumu, likauma. Kila Ijumaa alimeza dawa kali ya kufungua choo aliyojinunulia. Mwanzo kidonge kimoja, sasa vinne. Alisikia redioni kwamba pumba za ngano hulainisha choo. Akala kwa wingi, tumbo likazidi kuvimba. Mwishowe akaanza kukikimbia chakula chenyewe. Jioni mumewe, fundi wa redio, alikula peke yake.

"Mke wangu, umenichoka?" aliuliza siku moja.

"Nimeshiba tu," alijibu. Uongo mtupu. Alikuwa na njaa, na aliogopa kwamba tumboni mwake mna uvimbe wa kumuua.

Siku moja jirani yao muuguzi alikuja kupimwa sare ya kazi. Daftari la vipimo lilikuwa wazi mezani. Muuguzi akalitupia jicho.

"Fundi, mteja huyu ni nani? Tumbo asubuhi inchi thelathini, jioni thelathini na tano. Kila siku, miezi mitatu."

Fundi Tepu akaishika tepu yake kwa mikono miwili. "Ni mimi, dada," akasema. Machozi yakamtoka, na maneno yote yakafuata.

Muuguzi hakucheka. "Miaka ishirini nauguza watu. Sijaona mgonjwa aliyejipima vizuri namna hii. Ila umejipima, halafu ukanyamaza."

"Naona haya. Daktari nitamwambiaje habari za choo?"

"Ndiyo kazi yake. Sikiliza. Utumbo una misuli. Inajikaza na kulegea, ndivyo chakula kinavyosukumwa. Kwa watu wengine inasukuma polepole mno. Kujimezea dawa ovyo hakuponyi. Tena umekonda. Mwenye shida ya choo akikonda, akiona damu, au akitapika, asingoje. Kesho twende, na daftari tulibebe."

Jioni mumewe akaelezwa yote. Kesho yake alifunga duka lake la redio, akafuatana nao.

Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. "Wangekuja wote hivi, kazi yangu ingekuwa nusu," akasema. Alipima damu. Akatazama utumbo kwa kamera, asione uvimbe wala mahali palipoziba. Kisha akampa kidonge cha ajabu kidogo.

"Ndani mna vipete ishirini na vinne. Vinaonekana kwenye eksirei. Meza, na ile dawa yako ya Ijumaa usiiguse. Siku ya tano tutahesabu vilivyobaki tumboni."

Siku ya tano picha ikapigwa. Vipete ishirini na kimoja bado vilikuwa tumboni.

"Utumbo wako mpana unakwenda polepole," daktari akasema. "Si saratani, wala si kosa lako. Huenda ugonjwa huu usiishe kabisa, lakini unatunzika."

Alimpangia dawa ya kulainisha choo, kila siku kwa kipimo. Pumba aache. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Anywe maji, atembee. Akishastaftahi, akae chooni bila haraka, miguu juu ya kigoda.

Wiki ya kwanza, hola, choo hakikuja. Fundi Tepu akavitamani vile vidonge vinne.

"Mshono ukikataa, unaufumua mara ngapi?" muuguzi alimwuliza.

"Hata mara tatu."

"Basi wiki moja tu ikushinde?"

Hakuvimeza. Alirudi kwa daktari, kipimo cha dawa kikabadilishwa. Kila siku aliandika: maji, chakula, choo, tumbo. Mwanamke yule hakuruka hata mstari mmoja.

Mwezi wa tatu daftari lilisema: asubuhi thelathini, jioni thelathini na moja na nusu. Choo, kila baada ya siku mbili. Jioni hiyo alilipunguza lile gauni.

"Kitambaa kilichozidi hukikati?" mumewe aliuliza.

"Nimekikunja ndani. Siku mbaya zitakuja. Zikija, nitakikunjua gauni linitoshe, na kwa daktari nitakwenda mapema."

Akaivua tepu shingoni, akaitundika kwenye msumari. Mumewe alikuwa amekwisha kupakua sahani moja, kama alivyozoea.

Fundi Tepu akavuta kiti. "Na yangu iko wapi?" akasema.