Mla Maganda

Jambo lenyewe lilianza pale ufagio ulipokosa kazi.

Fundi chapa alikuwa ameinama mezani tangu asubuhi, patasi ndogo mkononi, akichonga gati la mawe na shakwe watatu juu yake. Anayechonga kibao cha chapa hana budi kuchafua: kila mstari anaoukata hutoa ganda jembamba kama ukucha, na ikifika saa kumi sakafu huwa imejaa. Siku hiyo aliposhika ufagio na kuchungulia chini ya meza, hapakuwa na hata ganda moja. Na haukuwa usafi wa kufagiwa. Ulikuwa usafi wa sahani iliyorambwa.

"Baba, umenifagilia?"

"Mimi?" Mzee alicheka kwenye kiti chake cha dirishani. "Kwa mgongo huu? Nikiinama leo, mtaniinua kesho kutwa."

Watu walimwita Posta. Kwa miaka thelathini na minne alipeleka barua kwa baiskeli, kuanzia vijiji vya ufukweni hadi mashamba ya vilimani, na hakukuwa na mlango asioujua wala mbwa asiyemjua. Sasa miguu ilikuwa imegoma, lakini kichwa kilijaa. Binti yake aliacha kazi ya ualimu akahamia kwake, vyumba viwili juu ya kibanda cha mshona viatu, amtunze. Humo ndani wakajikuta wana kazi ya pamoja. Mzee anasimulia, binti anachonga, kisha anapaka wino na kuchapa kwenye karatasi. Ukumbi wa maonyesho wa mjini ukaziona picha hizo, ukaagiza saba za njia ya Posta. Mzee alifurahi mpaka akawa ananyoa ndevu kila siku, eti asije akakutwa na wageni.

Shida ilikuwa kitu cha kuchongea. Kile cha dukani kilikuwa kimeadimika. Ndipo mtu mmoja wa kazi ya kubomoa nyumba kuukuu alipomletea zulia gumu la sakafuni, la zamani, lile linalokandwa kwa mafuta ya mbegu na unga wa mbao. Alikuwa amelibandua kwenye nyumba iliyokaa tupu miaka mingi karibu na bahari.

"Chukua lote," alisema, akiwa bado nje ya kizingiti.

"Kwani wenye nyumba walihama kwa nini?"

Alijikuna shingo. "Walisema hawakai. Basi."

Lilikuwa laini chini ya patasi kama siagi, likatosha vibao saba kamili. Fundi hakuuliza tena.

Kesho yake ya siku ile ya ufagio, alichapa lile gati. Alisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, akaibandua polepole, akampelekea baba yake ikiwa bado mbichi.

"Pazuri hapa," Posta akasema. "Ni wapi?"

"Gati la mawe, baba. Ulipokuwa unasubiri mashua ya barua. Umenisimulia juzi tu."

Mzee aliisogeza karibu na dirisha. "Juzi?" Akatabasamu, tabasamu la mtu anayeomba radhi bila kulijua kosa lake. "Uzee, mwanangu. Unaingia bila hodi."

Picha ya pili ilikuwa ya mama mmoja wa kilimani aliyempa maziwa kila Jumatano. Ilipokauka, Posta alikuwa hamjui mama huyo. Ya tatu ilikuwa daraja la miti katikati ya matete, pale msichana mmoja alipoteleza na kikapu chake, kijana wa barua akacheka, msichana akapanda juu akiwa ameloa na kumchapa kofi. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa mama yake fundi. Hadithi hiyo Posta hakuweza kuisimulia bila kuanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Jioni ile, wakati wa kula, binti alimwomba kwa hofu, "Baba, hebu niambie tena ulivyompata mama."

Posta akainua kichwa, mdomo ukajiandaa kucheka, na kicheko hakikuja.

"Nilimkuta tu nyumbani, nadhani," akasema. Akaendelea kula.

Daktari alimpima akasema ni umri. Fundi akakubali, kwani angefanya nini? Akachonga ya nne, ya tano na ya sita, tena kwa haraka, akidhani anaokoa anachoweza kabla hakijapotea. Maganda hayakuonekana, naye aliacha kuyatafuta. Chumbani kulikuwa na harufu sasa, harufu ya kinywa cha mtu ambaye hajala siku nyingi. Alifungua madirisha, akalaumu wino.

Aliyemfumbua macho ni mshona viatu, bila kukusudia.

"Baba yako ananishangaza," alisema, misumari ikiwa mdomoni. "Anakumbuka saizi ya viatu vyangu vya shule. Anakumbuka nani alimwibia nani kuku. Lakini muulize kitu ambacho wewe umekichora! Hakipo. Kama umekifuta wewe."

Fundi alipanda ngazi. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa chumbani, na baba yake alikuwa amelala chumba cha pili, mkoromo wake ukisikika. Alikaa mezani, akachukua kibao cha sita ambacho kilibakiza kona ndogo isiyochongwa, akakata mstari mmoja. Ganda likaanguka. Akasikiliza.

Kitu kilitafuna.

Alikata mstari wa pili, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza na woga haukuijua njia ya kuusimamisha, na chini ya meza meno yakasaga tena, taratibu, kwa adabu ya mtu anayekula ugenini, na ile harufu ya kinywa kitupu ikampanda magotini, kifuani, puani, na alipouteremsha mkono wake pembeni, bila kuangalia, kwa kuwa kuangalia kulimshinda, aliuhisi ulimi mkavu ukipita katikati ya vidole vyake, kidole kimoja baada ya kingine, ukitafuta mabaki.

"Maziwa yalikuwa ya moto," ilisema sauti kutoka chini. "Yule mama alikuwa anapuliza povu kwanza, ndipo ananipa kikombe."

Ilikuwa sauti ya baba yake. Si ya sasa. Ile ya zamani, nene, iliyokuwa ikiimba ngazini anaporudi kazini. Na habari ya povu hakuwa amesimuliwa kamwe. Upande wa pili wa ukuta, mkoromo wa mzee uliendelea.

"Endelea," ikanong'ona. "Baada ya hapo Posta alikwenda wapi? Endelea kunikatia."

Fundi hakumbuki alivyofika mlangoni.

Kipande cha saba, ambacho hakikuguswa, alikipandisha juu ya kabati. Baba yake alipoamka na kuuliza mbona meza imefunikwa, alimjibu kwamba amechoka, anapumzika kidogo. Hakutaka kumtisha. Posta akatikisa kichwa polepole. Akaangalia mikono yake.

"Si kwa sababu yangu, mwanangu? Maana naona hadithi zimenikauka."

"Hapana, baba. Pumzika."

Akamwomba mshona viatu akae na mzee, naye akaenda kumtafuta mganga aliyeelekezwa. Alikuta mama wa makamo akiuza miwani ya kusomea pembeni mwa barabara. Watu walimwita Mama Miwani. Uganga aliufanya ulipohitajika, miwani ndiyo iliyomlisha. Alisikiliza yote huku akifuta kioo kimoja kwa kitambaa.

"Nyumba ikihamwa," alisema, "na asiyeonekana aliyekuwa anaishi na wenyewe asichukuliwe, anabaki na njaa. Huyo wako alikuwa anaishi kwa maneno ya watu waliokanyaga sakafu ile. Wakaondoka. Miaka yote hiyo hajasikia hata salamu. Sasa wewe umekuja na baba anayesimulia na patasi inayokata. Ulikuwa unampakulia."

"Alichokula kinarudi?"

Mama Miwani aliacha kufuta. "Ulikata vibao vingapi?"

"Sita. Kimebaki kimoja, nimekificha juu ya kabati."

"Na mzee umemwambia?"

"Sikutaka kumtisha."

Mganga akafunga sanduku lake la miwani kwa kishindo. "Twende. Sasa hivi."

Mshona viatu alikuwa amesharudi kwenye kibanda chake, akitabasamu. "Panda polepole," alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Mzee anakuandalia jambo. Nimemteremshia kile kipande chako. Kasema umekosa hadithi, naye ana moja ambayo hakukupa."

Fundi alizipanda ngazi tatu tatu. Alianza kusikia meno kabla hajafika juu.

Posta alikuwa mezani, ameketi wima kama kijana, ulimi umebanwa pembeni mwa mdomo, patasi mkononi. Kazi ilikuwa ya mkono usiozoea, mistari imepinda, lakini kila mtu angeielewa: baiskeli inateremka kilima, mwanamume ameshika usukani, na mbele yake, juu ya mfuko wa barua, msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa mikia miwili, mikono ameinyoosha hewani.

"Baba, acha!"

Patasi ikamaliza mstari. Ganda likaanguka, likatafunwa.

Posta aligeuka. Uso wake ulikuwa mtulivu, wenye adabu, uso aliokuwa akiwapa watu wa milango yote kwa miaka thelathini na minne.

"Karibu, mama," alimwambia binti yake. "Unamtafuta nani?"

Fundi alishika ukuta. Mama Miwani alimpita, akamshika mzee mkono kwa upole, akamkalisha kwenye kiti cha dirishani, kisha akapiga goti mbele ya meza kana kwamba anazungumza na mtoto aliyejificha.

"Umeshiba," alisema. "Toka."

"Nitoke niende wapi? Nyumba imevunjwa."

"Ardhi yake ipo. Tutakurudisha pale pale pamoja na sakafu yako, na mimi nitakuja kukusalimu. Lakini hapa hukai."

Kisha ile sauti nene ikamgeukia fundi.

"Nishike vizuri, binti yangu," ilisema. "Tunateremka kilima. Ulikuwa na miaka sita, umevaa gauni la njano la dada yako wa jirani, linakuzidi. Ulisema nisifunge breki. Nami sikufunga. Nilisema moyoni, huyu mtoto akicheka hivi kila siku, mimi sihitaji kingine. Hukuwahi kujua hilo. Mimi ninalijua. Niache hapa chini ya meza, nitakuwa nakusimulia kila mchana."

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, machozi yakimtoka bila sauti. Ndani ya chumba kile kulikuwa na baba wawili: mmoja anamjua na hana mwili, mwingine ana mwili na hamjui.

"Akibaki," alinong'ona, "ataishia hapo?"

"Hapana," Mama Miwani akajibu. "Atakula mpaka mzee asahau kumeza mate. Lakini simtoi bila neno lako. Wewe ndiye uliyemwingiza."

"Na akienda, anaenda na vyote?"

"Anaenda na vyote."

Posta, pale dirishani, alimwona mwanamke mgeni akilia. Akajipapasa mfukoni, akatoa kitambaa chake, akamnyooshea.

Fundi alikipokea. "Nenda," aliiambia meza.

Chini kulisikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayeinuka baada ya kukaa sana. Harufu ikapita mlangoni. Siku hiyo hiyo walivifunga vibao vyote saba, wakavipeleka kwenye kiwanja cha ile nyumba karibu na bahari, wakavizika ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafu, na Mama Miwani akabaki nyuma kidogo akizungumza na udongo. Hakuna kilichotafuna tena nyumbani kwa Posta.

Aliishi miaka miwili zaidi, na haikuwa miaka mibaya. Alikula vizuri. Kuku walioibwa aliendelea kuwakumbuka. Binti alijitambulisha kuwa ni mpangaji wa chumba cha pili, maana kila alipojiita binti yake, mzee alihangaika usiku kucha akijilaumu. Mshona viatu ndiye hakuweza kujisamehe. Alipanda kila jioni kumvisha mzee soksi, na kila jioni aliondoka macho yamemwiva.

Jioni moja fundi alikuwa jikoni akipakua chakula, akawasikia wakizungumza.

"Huyu mama anayekaa hapa," Posta alikuwa akisema, "sijui nimlipe nini. Ananiogesha, ananilisha, hanikaripii hata siku moja."

Mshona viatu alimvisha soksi ya pili.

"Mtu wa hivyo haokotwi njiani," mzee akaendelea. "Popote walipo wazazi wake, wajue walimlea."