Nyota Tatu za Mzee Egon

Kila asubuhi Egon Bjerregaard hula mkate mweusi na jibini, kisha hupiga mswaki kama mtu anayefukuza mwizi. Ana miaka sabini na moja. Anaishi hapa kwetu, magharibi mwa Jutland, ambako upepo hauishi na maneno hayatoki ovyo. Mpikie mtu wa huku mpaka alambe sahani, atakuambia, "Si kibaya." Hapo umesifiwa. Usingoje zaidi.

Siku moja daktari wake wa meno, Sidsel, alimwambia akiwa bado kitini, "Egon, wagonjwa wapya hawaji. Hali ikiendelea hivi, baada ya kiangazi nitafunga. Kama umeridhika, naomba uandike maoni yako mtandaoni. Siku hizi watu huanzia huko."

Egon alikuwa na ganzi mdomoni. Aliitikia kwa kichwa.

Njiani alijawa na hofu. Sidsel akifunga, yeye atakwenda kwa nani? Utotoni, daktari wa meno wa shule alimbana mikono na kumtoboa jino bila ganzi. Alikaa miaka mingi bila kukanyaga kliniki, mpaka alipomfahamu Sidsel. Siri hiyo, mbali na Sidsel, aliijua mkewe tu, Gudrun.

Basi jioni ya karata aliwahimiza wenzake. "Andikeni, jamani! Tumsaidie binti wa watu."

Wote wakaandika. Egon alitoa nyota tatu kati ya tano na kuandika, "Si mbaya." Wenzake wakamfuata. Rafiki yake Laust aliandika, "Anavumilika," akaona amezidisha sifa. Egon alilala usingizi mzuri.

Jumatatu alimkuta jirani yake mpya, Katrine, akiingia kwenye gari. Alikuwa amehamia kutoka mji mkuu, Copenhagen. Shavu lake lilikuwa limevimba.

"Jino?" Egon aliuliza.

"Jino, mzee. Nakwenda Holstebro."

"Mbali kote huko! Na Sidsel yupo hapo nyuma ya kanisa?"

"Nilitaka kwenda kwake, halafu nikasoma maoni." Akamwonyesha simu. "Tazama. Tatu, tatu, tatu. 'Anavumilika.' Mimi sitaki kuvumilia, mzee, nataka kutibiwa! Na huyu aliyeanza, Egon B..."

Katrine akainua macho, akamtazama. Uso wa Egon uliiva mpaka masikioni.

"Hizo ni sifa," alisema kwa sauti ndogo. "Kwetu ni sifa."

"Msomaji hajui ya kwenu. Yuko peke yake na jino lake. Nyota tatu zinamwambia apite mbali."

"Chema chajiuza, Katrine."

"Kitajiuza vipi, na nyinyi mmesimama mlangoni mnafukuza wateja?"

Egon alitamani ardhi impasukie. Katrine alimhurumia.

"Nisikilize, mzee. Hakuna anayekuomba uongo. Usisifu usichokiona, wala usiandike kwa ajili ya zawadi. Toa nyota kwa kadiri ulivyoridhika, kisha eleza jambo moja alilokufanyia. Amekufanyia nini?"

Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa aibu tupu. Aliaga, akaingia ndani.

Alimweleza Gudrun yote. "Nimemchimbia binti wa watu shimo, na majembe nimewagawia wenzangu."

"Basi andika ukweli."

"Niandike kwamba naogopa? Laust asome?"

"We mwanaume, mficha uchi hazai. Aibu ipi kubwa, ya kuogopa sindano au ya kumfungisha mtu kliniki yake?"

Egon alifuta maneno yake ya kwanza. Akaandika upya: "Naogopa daktari wa meno tangu utoto. Sidsel hanicheki. Tumekubaliana kwamba nikiinua mkono, anaacha kila kitu mpaka nipumue. Hajawahi kuvunja ahadi." Akatoa nyota tano.

Kisha alikwenda kliniki, akavua kofia, akamwomba Sidsel radhi. Kwenye karata Laust alimcheka mpaka machozi. "Kumbe simba wetu ni paka!" Egon aliinamisha kichwa, lakini akawaeleza alichofundishwa na Katrine. Kicheko kikafifia. Baadaye Laust aliomba miwani, akageukia ukutani, akaandika upya ya kwake.

Kiangazi kilipita. Kliniki haikufungwa. Katrine mwenyewe sasa hutibiwa hapo.

Asubuhi moja ya vuli Egon alikuwa anangoja zamu yake. Chumba kilijaa. Akaingia dereva wa lori, jitu la mtu, kofia ameikunja mkononi. Alimsikia msaidizi wa Sidsel akiita jina la Egon, akamsogelea mzee huyo.

"Samahani, mzee. Wewe ndiye yule mwoga?"

Watu wote waligeuka. Masikio ya Egon yaliwaka moto. Angeweza kukana.

"Ndiye mimi," alisema.

Dereva aliinama na kunong'ona, "Ni kweli anaacha?"

"Anaacha."

"Niinue mkono upi?"

"Wowote. Mimi huinua wa kushoto. Wa kulia huwa umeshikilia kiti."