Pacha Haliliwi

Damu ndiyo iliyomwambia Odongo kwamba amejikata. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, nyumbani kwake mtaa wa Jericho, Nairobi, kasha jipya la kompyuta limefunguliwa mbele yake, bisibisi mkononi na skrubu ndogondogo zimetulia ndani ya kifuniko cha sufuria. Aliona matone mekundu kwenye bati, akajiuliza yametoka wapi. Alipogeuza kiganja alikuta kidole cha shahada kimechanwa na ukingo wa kasha hadi nyama inaonekana. Hakusikia maumivu hata kidogo. Akakifunga kwa kitambaa, akaendelea kukaza feni.

Mwingine angeshtuka. Odongo hakushtuka, maana tangu Opiyo aondoke hakuwa mtu wa kushtuka tena. Opiyo alikuwa pacha wake, yule aliyetangulia kutoka tumboni, na kwa Wajaluo jina lenyewe linatosha kukwambia hivyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kariobangi, mtu wa maneno mengi na vicheko, mpaka siku moja ya mvua umeme ulipomnasa kazini.

Sasa, pacha kwao haliliwi. Hata haisemwi kwamba amekufa. Husemwa ameruka, na anayemlilia huwa anamfungulia njia yule aliyebaki naye amfuate. Mama yao, Phelister, ni mtu wa kanisa tena wa kitambaa kichwani, lakini siku ya mazishi alisimama kaburini macho makavu, akawakemea mashangazi waliotaka kupiga nduru. Alikuwa amebakiwa na mmoja, na huyo mmoja hakuwa tayari kumcheza kamari. Odongo naye akatii. Alirudi Nairobi kwenye zamu zake za usiku katika kiwanda cha plastiki, na kile kilio alichokimeza kikamgandia kifuani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimfariji. Katika kompyuta yake ya zamani kulikuwa na rekodi za mechi za mpira wa kwenye skrini walizokuwa wakicheza, yeye na Opiyo, kila mmoja na pedi yake, wakitukanana na kucheka. Kila asubuhi akitoka zamu, mkewe Amondi akishaenda kuuza dagaa wa omena sokoni na mtoto wao Triza akiwa amelala, Odongo alikuwa akikaa na kusikiliza sauti ya ndugu yake. Kisha diski ikaanza kugonga ndani kwa ndani, tak, tak, tak, na asubuhi moja ikanyamaza kabisa.

Aliipeleka kwa Burale, fundi wa kompyuta wa Kariobangi. Burale aliiweka sikioni, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa, buda. Hakuna kitu naweza toa hapa. Jenga mashine mpya, mimi nitakupa parts poa, uanze upya. Hii tupa."

"Siwezi kuitupa, Burale. Brathe yangu ako hapo ndani."

Burale alimrudishia diski mkononi. "Pole, walahi. Basi weka kwa kabati. Lakini usiirudishe kwa mashine. Kitu ikishakufa, iwache ilale."

Ushauri ni bure, na Odongo aliupokea kama vitu vya bure vinavyopokewa. Alipomaliza kuunga kila kitu, bodi, prosesa, kadi kubwa ya picha yenye feni zake na diski mpya nyembamba, aliona chini ya kasha pamebaki nafasi moja tupu. Akaichukua ile diski iliyokufa na kuisukuma humo kwa kidole kilichokuwa bado kinavuja damu, akaiunganisha waya.

"Kaa nyumbani," aliiambia.

Alipobonyeza swichi feni zilivuma, taa zikawaka, na kwenye skrini zikatokea diski mbili. Ile iliyokufa ilikuwepo na rekodi zote zilikuwepo. Odongo alingoja furaha ije, haikuja. Aliteremka hadi mwisho wa rekodi, na hapo ndipo alipoona moja ambayo hakuijua. Tarehe yake ilikuwa ya leo.

Akaifungua. Mwanzoni palikuwa na kimya na mvumo mdogo kama wa waya wa stima. Kisha sauti ya Opiyo ikasema, polepole, bila kicheko, "Odongo. Mtoto ameamka."

Akageuka. Nyuma ya pazia, kitandani, Triza alikuwa ameketi anamtazama. Chumba kizima kilinuka chuma kilichoungua.

Angekuwa mtu mwenye hisia zake angemchukua mtoto na kutoka mbio. Odongo alivuta kiti karibu.

Kuanzia hapo kila asubuhi palikuwa na rekodi mpya. Sauti ilimwambia chai imechemka, ilimwambia mama mboga yuko mlangoni, ilimwambia Triza ana njaa, na haikukosea. Baadaye haikuhitaji rekodi tena. Ilitoka tu kwenye spika. Pedi ya pili, ambayo hakuna aliyeishika, ilikuwa ikitetemeka mezani na kusogea hadi ikaigusa ya kwanza. Wakicheza mpira, timu ya pili ilikuwa ikicheza vilevile Opiyo alivyokuwa akicheza, kwa fujo na pasi za kijinga, ila sasa ilishinda kila mara.

Na ganzi ilikuwa ikipanda. Ilianzia kwenye kile kidole, ikashika kiganja, ikafika kwenye kiwiko. Kiwandani plastiki ya moto ilimrukia kwenye kifundo cha mkono ikaganda pale pale, na Odongo hakujua mpaka msimamizi alipopiga kelele. Nyumbani alikunywa chai iliyokuwa bado inatokota, Amondi akamwangalia midomo.

"Baba Triza," Amondi alimnong'oneza, akiwa amesimama mbali na ile kompyuta, "hii kitu unaongea nayo ni nini?"

"Ni Opiyo."

"Opiyo tulimpeleka nyumbani."

"Aliruka. Amekuja kutua."

Amondi alijishika mabega. Alikuwa mwanamke wa sokoni, hakuogopa askari wa jiji, wale wa kanjo, wala mlevi, lakini sasa alirudi nyuma hatua moja. "Mbona basi hajawahi kukuuliza mama yake anaendeleaje? Opiyo ninayemjua angeanza na mama."

Odongo aliongeza sauti ya spika.

Siku iliyofuata Amondi aliacha omena zake kwa jirani, akaenda kwa Burale kumweleza yote. Kumbe siku hiyo hiyo, huku nyumbani, sauti ilikuwa imesema, "Muogeshe mtoto, ndugu yangu, maji yako tayari," na Odongo akayateremsha jikoni na kuyamimina kwenye karai, akatumbukiza kiwiko jinsi mama yake alivyomfundisha, akasubiri maji yamwambie neno, lakini hayakumwambia lolote, hayakuwa baridi wala moto, na spika ikanong'ona, "Yako sawa, mtie, yako sawa tu," naye akamvua Triza nguo taratibu, akamnyanyua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ungali ndani ya maji, mvuke ukipanda usoni mwake na ile harufu ya chuma ikimjaa puani, akaanza kumshusha, akaiona miguu midogo ikijikunja juu ya maji, akaona mlango unafunguka na mdomo wa Amondi uko wazi kabisa na hausikiki, mpaka mtoto alipopokonywa mikononi mwake ndipo alipotazama chini na kuona mkono wake mwenyewe ukitoka majini mwekundu, umejaa malengelenge, ngozi ya kiwiko ikimenyuka kama ya kiazi kilichochemshwa.

"Yalikuwa sawa," alisema.

Amondi alimkumbatia mtoto ukutani, akilia. Burale, aliyekuwa amemfuata nyuma, alibaki kizingitini. Kwenye spika kitu kilicheka kicheko cha Opiyo.

"Huyo sio ndugu yako," Burale alisema kwa sauti ya chini. "Maiti hairudi. Lakini kila mtu huzaliwa na jini yake, tunaita karini. Wanaishi pamoja, inajua sauti yake, inajua mchezo yake. Mtu akikufa, yeye inabaki bila nyumba. Nyinyi mlikataa kusema huyu amekufa, halafu ukaijengea nyumba mpya, ukaifungulia na damu yako. Nikichomoa waya saa hii, itabaki ndani yako."

Phelister aliitwa kwa simu, akafika kutoka kijijini Siaya kesho yake asubuhi, na vumbi la safari kwenye viatu. Aliutazama mkono wa mwanawe uliofungwa bandeji, akatazama taa za kasha zinazowaka na kuzima. Hakuna aliyehitaji kumweleza alichotakiwa kufanya, na kwa sababu alikijua, alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Akimlilia Opiyo, anaweza kumpoteza Odongo. Asipomlilia, Odongo anakwisha hapo mbele ya macho yake.

"Mama," spika ikasema. "Nasikia baridi. Niache nikae na ndugu yangu."

Ilikuwa sauti ya mtoto wake hasa. Phelister aliuma kanga yake mpaka meno yakatetemeka, kisha akaiachia.

"Mwanangu amekufa!" alisema kwa nguvu. "Opiyo amekufa. Nilimzaa mimi na nilimzika mimi. Wewe sikujui!"

Akapiga nduru. Ilitoka ndefu, ile ya wanawake wa ziwani, na majirani wakajaa mlangoni. Ile sauti ilijaribu kusema, ikasema mama, ikasema Odongo, ikasema baridi, kila neno likichanika zaidi kuliko la kwanza, na feni zikavuma mpaka kasha likatikisika. Phelister alimgeukia mwanawe akamshika uso. "Lia, wuoda. Lia mwanangu. Ikiwa ni dhambi, ni yangu."

Odongo alifungua kinywa aseme hawezi, kilichotoka kikawa kilio. Na kilio kilipotoka maumivu yakaingia yote kwa pamoja, kidole, kifundo, midomo, kiwiko, na juu ya yote Opiyo, Opiyo aliyekufa kwenye maji ya mvua bila mtu wa kumshika mkono. Alianguka sakafuni akigaragara. Ndani ya kasha diski iligonga, tak, tak, ikanyamaza. Burale akachomoa waya.

Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba mbwa wa mtaa walibweka. Triza alilala kitandani muda wote ule, na walimshukuru Mungu kwamba hakuona lolote.

Burale alienda na ile diski na kasha lake, wala hakuna aliyeuliza amevipeleka wapi. Odongo alianza kupona. Alilia akioga, akalia akila, akalia kwenye basi la kiwanda, na wenzake wakamzoea. Mama yake alimpigia simu kila jioni kuhakikisha yuko hai, naye alikuwa hai, na chai ikimchoma alilalamika kwa sauti kubwa mpaka Amondi akacheka.

Wakati wa Triza kuchanjwa surua ulipofika walimpeleka kliniki pamoja. Foleni nzima ilikuwa mayowe. Kila mtoto aliyeingia alitoka akilia. Triza aliwekwa mapajani mwa mama yake. Nesi alichoma sindano, akaisukuma dawa, akaitoa. Triza alikuwa akiitazama sindano.

"Ai, huyu ni mtoto mzuri," nesi alisema. "Halii kabisa."

Akina mama waliokuwa benchini waligeuka kwa wivu. Amondi hakutabasamu. Aliushika mguu wa mtoto, akaufinya kidogo. Akaufinya zaidi. Kisha akaingiza kucha, akazidi kuingiza, ngozi ikabonyea, ikageuka rangi, ikachubuka.

"Lia, mama," alimnong'oneza. "Tafadhali, Triza, lia."

Triza aliinua macho kutoka kwenye mguu wake, akamtazama baba yake kwa utulivu. Odongo alisikia harufu ya chuma kilichoungua, akaanza kulia peke yake.