Mto wa Unga wa Mvule

Wa kwanza kuisimulia habari hii alikuwa Generose, mke wa fundi Anastase, mbele ya ndugu waliokutana Luvungi Jumapili iliyofuata Pasaka ya mwaka 2022. Aliisimulia mara moja tu, mumewe ameketi kando yake. Anastase alimsahihisha mahali pawili: urefu wa ubao, na idadi ya sekunde.

Sekunde zilikuwa nane. Karakana yao iko Kimanga, mjini Uvira, na miaka ishirini ya kuchana mbao ilikuwa imemwachia Anastase kifua kibovu. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kumeza vumbi, mapafu yatamkataa. Ndipo Ismaili, fundi umeme, akamfungia asipirateri, mashine ya kufyonza vumbi. Bomba lilitoka chini ya msumeno wa umeme, likapenya ukuta hadi kichumba cha nyuma, na humo mashine ikapuliza vumbi ndani ya mfuko mrefu wa turubai. Haikuhitaji kuwashwa. Msumeno ulipoanza kuvuta umeme, kisanduku cha Ismaili kiliamsha asipirateri papo hapo. Msumeno ukizimwa, mashine iliendelea sekunde nane kumaliza vumbi lililobaki bombani, kisha ikanyamaza.

"Papa Anastase," Ismaili alimtania, "sasa mama atakutambua jioni. Alizoea kupokea gunia ya unga."

Mlango wa kichumba ulifungukia ndani, kwa kuwa upande wa nje meza ya kazi ilibana nafasi. Anastase mwenyewe aliupachika hivyo. Pembeni akauzungushia mpira, unga usipenye. Uliziba kama kifuniko cha sufuria.

Baba yake, naye fundi, alimwachia sharti moja. Unga unaoanguka wakati wa kuchana mbao za jeneza haubaki karakana. Hufagiliwa peke yake, hushonewa mto, na mto huwekwa chini ya kichwa cha marehemu. Mtu asiende kaburini huku kipande cha nyumba yake kimebaki kwa fundi.

Oktoba 2021 alifariki mzee Nsengiyumva, mkulima wa mpunga wa Bwegera. Familia ilileta mbao za mvule, na Anastase akazichana bila kukohoa hata mara moja. Alifurahi. Kisha akachukua ufagio, akakuta sakafu safi. Unga wote ulikuwa umeingia mfukoni, ukakaa juu ya unga wa madawati, wa milango, na wa jeneza la mwanamke aliyezikwa wiki iliyotangulia, ambaye ndugu zake hawakungoja mto. Nje gari lilikuwa linangoja. Anastase akalegeza kamba ya chini ya mfuko, akachota kilichotoka kwanza, akashona mto. Hakumwambia mtu.

Siku ya tisa, mjane wa marehemu, Bernardine, alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana. Alipewa kiti, akakikataa.

"Weye fundi, mu ule mto ulitia nini?"

"Unga, mama."

"Ya nani?"

Anastase akageukia mlango wa kichumba.

"Miye namuota kila siku," Bernardine alinong'ona. "Iko anaketi, anashika shingo. Ananiuliza: kichwa yangu iko juu ya nani?"

"Nitakuletea yake, mama. Kesho."

"Si mimi. Mupelekee yeye."

Kesho yake umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Anastase aliona ni afadhali, kazi ile haikuhitaji mashine. Saa sita mchana alipiga komeo mlango wa mbele, akaingia kichumbani na tochi ya simu, akaufunga mlango nyuma yake; kitanda alichokipaka vanishi kilikuwa bado kibichi, hakutaka vumbi likifikie. Akauchomoa mfuko kwenye mdomo wa mashine, akaulaza chini, akapiga magoti. Tangu jeneza lile hakuwa amewasha msumeno, na unga wa juu ulikuwa wa kahawia. Mvule. Akaanza kuuchota kwa viganja na kuutia kwenye kitambaa.

Asipirateri ikaamka.

Umeme umerudi, aliwaza. Kisha akakumbuka kwamba umeme peke yake hauiamshi. Lazima kwanza msumeno uwashwe.

Akatega sikio. Upande wa pili wa ukuta msumeno ulikuwa unalia, na haukuwa unazunguka bure. Ulikuwa unachana. Ubao ulisukumwa polepole, na mkono usio na haraka.

Mdomo wa mashine haukuwa na mfuko. Unga mpya ukamwagika chumbani, vuguvugu, wenye ukali wa mvule unaowasha koo. Anastase akarukia mlango, akavuta. Haukusogea. Upepo wa mashine ulikuwa umekijaza kichumba, ukaukandamiza mlango kwenye fremu. Mlango wake. Mpira wake. Akaegemeza mguu ukutani, akavuta kwa nguvu zote. Kitasa kikang'oka, kikabaki mkononi.

Ubao ukaisha. Msumeno ukanyamaza. Anastase akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mashine ikinyamaza, mlango utalegea. Sita. Saba.

Msumeno ukaingia ubao mwingine.

Akajifunga shati puani. Unga ukafika vifundoni. Mwanga wa simu ukazama. Alitaka kuita, lakini kuita ni kufungua mdomo. Ubao wa tatu. Wa nne. Kila mara alihesabu hadi saba. Kila mara, sekunde ya nane haikuja. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Unga ukafika magotini.

Akaweka midomo kwenye tundu la kitasa.

"Mzee," akanong'ona. "Nilikosa. Nilichota chini. Yako ilikuwa juu."

Msumeno ukasimama katikati ya ubao.

Sita. Saba.

Nane.

Kimya. Na katika kimya kile, upande wa pili wa mlango, mtu akapangusa viganja.

Anastase alitia vidole kwenye tundu, akavuta. Mlango ukafunguka, ukisukuma unga. Karakana ilikuwa tupu. Komeo lilikuwa mahali pake. Vanishi ya kitanda haikuwa na chembe. Alitoka nje akiyumba, akamkuta jirani yake Safi, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, anapepea jiko.

"Safi, umeme ilirudi saa ngapi?"

"Umeme ya wapi, Papa? Na weye, ulilala mu gunia?"

"Hukusikia msumeno?"

"Nilisikia kuku tu."

Wakaingia pamoja. Ubao wa mvule uliobaki karakana ulikuwa mmoja tu, umeegemea ukuta. Anastase aliupima: sentimita mia moja arobaini na mbili, kama alivyouandika kwa penseli siku ya jeneza. Haukuwa umeguswa. Lakini kichumbani unga ulifika magotini, wote wa kahawia, wa rangi moja. Katikati palikuwa na bonde la duara, laini, kama pale kichwa kilipolala muda mrefu. Anastase hakuwa amelala.

Safi alipeleka mkono humo, akautoa upesi.

"Iko moto," akanong'ona.

Jioni ile ile waliupeleka Bwegera, magunia kumi, na nusu beseni, wakaumwaga juu ya kaburi. Bernardine hakumwota tena mumewe. Alifariki Juni 2023, na mbao zake Anastase alizichana kwa msumeno wa mkono. Ismaili yuko hai, hataki kuulizwa juu ya kisanduku chake. Safi yuko hai. Generose yuko hai. Anastase naye yuko hai. Hupumua kwa shida, na hulala bila mto.