Vipimo vya Buti za Benedita

Kila Jumamosi, kabla kengele ya kanisa la Golegã, mji mdogo wa Ureno, haijagonga saa mbili asubuhi, Benedita alikuwa tayari yuko bandani akimsugua Andorinha. Alianza shingoni, akashuka mgongoni, akamalizia na kwato. Farasi huyo jike wa kijivu alipenda kuguswa kila mahali isipokuwa tumboni, na Benedita aliijua tabia hiyo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote pale kwenye shule ya kupanda farasi. Akimaliza, alikula mkate wa mahindi aliofungiwa na bibi yake, Odete, aliyekuwa akimlea tangu mama yake alipokwenda Uswisi kufanya kazi ya uuguzi.

Benedita alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka huo, wanafunzi watano wa Mwalimu Adelino walikuwa wamechaguliwa kupita uwanjani siku ya kwanza ya maonyesho ya farasi ya Novemba, na jina lake lilikuwamo. Mwalimu aliweka sharti moja.

"Sitaki kumwona mtu na viatu vya mpira," alisema. "Kila mmoja awe na buti ndefu za ngozi, zinazofika chini ya goti. Fundi wa viatu, Germano, ameleta karatasi. Mjipime nyumbani, mwandike vipimo, Carlota azikusanye."

Carlota, mmoja wa wale watano, alikuwa amekwisha kujaza yake. Aliipunga hewani kama tiketi ya bahati nasibu.

"Kigimbi changu, sentimita thelathini na tatu!" alitangaza. "Miguu ya korongo hii. Wewe Bene hata usihangaike kupima. Andika tu 'gogo'."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Kwani uongo?" Carlota akaendelea. "Vigimbi vyake si kama vya beki wa timu ya taifa?"

Benedita alicheka pia, ili wasijue kwamba yamemwingia.

Jioni alijifungia chumbani na utepe wa kushonea wa bibi yake. Alipima kigimbi mahali kiliponenepa zaidi. Utepe ukasema 37. Akaukaza mpaka ukamwachia alama, ukasema 36. Alikaa kitandani akiitazama ile karatasi na kuiona mikononi mwa Carlota, ikisomwa kwa sauti mbele ya watu. Mwishowe akachukua kalamu na kuandika 34. Ngozi hutanuka, alijiambia.

Buti zilifika Jumatano, siku kumi kabla ya maonyesho. Zilikuwa za rangi ya kahawia, zimeng'arishwa, na zilinukia nta. Moyo wa Benedita ulidunda. Mguu uliingia vizuri, vidole vikapata nafasi, kisigino kikatulia. Kisha akaivuta zipu ya nyuma. Ikapanda mpaka nusu, ikagoma.

Alijaribu soksi nyepesi. Alijaribu kujipaka poda. Alilala chali na kuiegemeza miguu ukutani dakika ishirini, kwa sababu alisikia kwamba damu ikishuka mguu hupungua. Zipu haikusogea. Usiku ule hakula. Supu ya kabichi ilipoa kwenye bakuli mbele yake.

"Unaumwa?" bibi yake akauliza.

"Hapana, Bibi."

"Na buti? Zimekukaa?"

"Zimenikaa."

Asubuhi ya Jumamosi aliamka mapema, miguu ikiwa bado haijavimba kwa kutembea, akaifunga zipu kwa koleo la stoo. Ilifunga. Buti zilibana kama zimefungwa kwa kamba, na ukingo wake wa juu ukamchoma nyuma ya goti kila alipoukunja mguu. Alitembea hadi shuleni kwa hatua fupi, akitabasamu kila alipokutana na mtu.

Mazoezi yalianza. Mzunguko wa kwanza alivumilia. Wa pili, vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kuwasha. Wa tatu, hakuvihisi tena. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, na kila mara ilimbidi atazame chini kuona kama bado umekanyaga kikuku, kile chuma kinachoning'inia kwenye tandiko.

"Kisigino chini, Benedita!" Mwalimu Adelino alipiga kelele. "Chini! Unaning'inia kama nguo kwenye kamba!"

Alijaribu kukishusha. Goti likakataa. Akapoteza mizani, na ile buti ngumu ikamgonga Andorinha tumboni, palepale asipopenda kuguswa. Farasi aliruka kando. Benedita akaserereka upande wa kushoto, na mguu wa upande huo, usiohisi chochote, ukazama ndani ya kikuku mpaka kwenye kifundo, ukanasa. Kwa muda mfupi aliuona mchanga wa uwanja karibu kabisa na uso wake. Kama Andorinha angekimbia, angeburutwa. Lakini Andorinha alisimama akitetemeka, na Mwalimu akamwahi kwa kumshika mkanda.

"Umeumia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Buti zinakubana?"

Wote walikuwa wanamtazama. Carlota alikuwa ameinama mbele juu ya tandiko lake ili asikie vizuri.

"Hapana, Mwalimu. Ni Andorinha. Ameruka tu mwenyewe."

Mwalimu alimtazama farasi, akakuna kidevu. "Basi huyu hayuko tayari kwa umati wa watu. Wiki ijayo atabaki bandani. Wewe utampanda Trovão."

Andorinha akaongozwa kurudi bandani jasho halijamkauka, kama mtoto aliyeadhibiwa bila kuambiwa kosa lake. Benedita aliangalia pembeni.

Nyumbani zipu haikutaka kufunguka. Bibi Odete alimkuta sakafuni akilia, akaishika buti kwa mikono miwili na kuvuta hadi ikatoka. Mguu ulikuwa na alama nyekundu iliyouzunguka kama pete, na vidole vilikuwa vyeupe.

"Ee Mama Maria! Mguu baridi kama samaki!" Bibi aliusugua mpaka ukarudisha rangi. Kisha akaziweka zile buti kwapani. "Germano kazeeka. Nilisema mimi. Vaa viatu vyako, twende."

"Bibi, tuache tu..."

"Tuache nini? Mtoto akatwe mguu? Twende!"

Karakana ya Fundi Germano ilikuwa nyuma ya kanisa. Mzee huyo alikuwa na miwani kipajini na sindano mbili kifuani. Bibi Odete hakumsalimu.

"Germano, hizi umemshonea mtoto au mwanasesere?"

Fundi alisikiliza yote bila kumkatiza. Akaugusa mguu wa Benedita, akaitazama ile alama, akazigeuza buti. Uso wake ukanyong'onyea.

"Miaka arobaini na sita," alisema taratibu. "Sijawahi kumuumiza mteja hivi. Odete, nisamehe. Macho yangu siku hizi yananisaliti. Labda mtoto aliandika saba, mimi nikasoma nne. Labda ni wakati wa kuiacha sindano."

Alivuta droo kutafuta karatasi.

Benedita aliyarudia maneno hayo moyoni. Saba na nne. Angenyamaza tu, mambo yangeishia hapo. Bibi angeamini, Mwalimu angeamini, hata Fundi mwenyewe alikuwa amekwisha kuamini. Alimwona yule mzee akivaa miwani, akiivua, akiifuta kwa aproni, akiivaa tena.

"Babu, usiitafute," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika uongo. Nilipima thelathini na saba."

Bibi Odete aligeuka. "Umesema nini?"

"Carlota alinicheka vigimbi, Bibi. Sikutaka asome namba yangu." Machozi yakamtoka. "Na leo farasi hakuruka mwenyewe. Nilimpiga teke kwa sababu sikuuhisi mguu wangu. Nikamsingizia."

Bibi alikuwa anavuta pumzi ya kugomba. Fundi Germano aliinua mkono kumzuia, akavuta kigoda.

"Kaa hapa, binti. Kunja goti vizuri. Umevaa suruali yako ya kupandia? Na soksi zake? Vyema. Mguu hupimwa mchana baada ya kazi, ukiwa na nguo zake zote, na ni miguu yote miwili, maana haifanani." Akauzungusha utepe bila kuukaza. "Wa kushoto thelathini na saba. Wa kulia thelathini na saba na nusu. Hivi vigimbi ndivyo vinavyokushikilia juu ya farasi. Mimi ningevionea fahari."

"Na huku juu je? Zinanichoma nyuma ya goti."

"Buti mpya lazima iwe ndefu kidogo. Ikizoea, ngozi hujikunja kifundoni, inashuka vidole viwili. Nitakuwekea kipande chini ya kisigino kikuinue wiki za mwanzo. Hicho si kitu. Kazi ni huku nyuma: nifumue zipu na kuongeza ukanda wa ngozi pande zote mbili. Nina kazi nyingine za maonyesho. Nitajaribu, lakini siahidi."

Jumapili, bila kutumwa, Benedita alikwenda kwa Mwalimu Adelino akamweleza yote. Mwalimu alikunja uso.

"Farasi hana mdomo wa kujitetea," alisema. "Kesho utayasema haya mbele ya wenzako. Kuhusu Andorinha, nitaamua Ijumaa, nikikuona umempanda ukiwa na buti zinazokutosha. Zisipokuwa tayari, hutapita."

Jumatatu aliyasema. Safari hii hakuna aliyecheka. Carlota alizitazama hatamu mikononi mwake. "Nilikuwa natania tu, Bene," alinong'ona baadaye. "Utani wako uliniuma," Benedita akamjibu.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumanne buti zilikuwa zimefumuliwa, zimelala mezani kwa Fundi kama samaki waliopasuliwa. Jumatano hivyohivyo. Alhamisi karakana ilikuwa imefungwa, na Benedita alirudi nyumbani mikono mitupu. Ijumaa saa tisa alasiri alimkuta Fundi akikata uzi wa mwisho kwa meno.

"Vaa."

Mguu ukaingia. Zipu ikapanda mpaka juu bila koleo wala poda. Fundi akapenyeza kidole kimoja kati ya ngozi na mguu, kikapita kwa shida kidogo. "Hivyo ndivyo," alisema. "Ikushike, isikunyonge."

Jioni ile Mwalimu Adelino alimtazama akizunguka uwanja mara sita juu ya Andorinha. Vidole vyake vyote kumi alivihisi. Kisigino kilishuka chenyewe. Mwalimu alifungua daftari, akaandika jina la farasi pembeni ya jina lake.

Jumamosi watu walijaa kandokando ya uwanja, moshi wa majiko ya njugu ukipanda juu ya kofia zao. Muziki ulipoanza, Andorinha aliinua masikio, akasita. Benedita akamkaza kidogo kwa miguu yake, naye akaenda. Walipita mara mbili, mwendo wa taratibu kisha shoti, bila kosa.

Fundi Germano alikuwa amesimama kwenye uzio karibu na Bibi Odete. Benedita alipofika, mzee aliinama kwanza kuzitazama buti, ndipo akamtazama yeye.

"Sikiliza, binti," alisema. "Ngozi naweza kuifumua na kuishona upya. Lakini mimi hukata kwa namba niliyopewa, na namba ya uongo huumiza watu ambao hawakuiandika. Iliniumiza mimi, ikamuumiza farasi, na kidogo ikuvunje wewe shingo. Mtu akikucheka mwili wako, aibu ni yake. Wewe sema ukweli, na kitu kikikubana, sema mapema."

"Nimesikia, Babu."

"Haya, mpeleke farasi akanywe maji. Amefanya kazi."