Jogoo wa Mnada na Safari ya Bweni

Walikutana sokoni Lushoto, katikati ya mapeasi na kabichi, Aron alipompita Secilia na gunia la mbegu za viazi begani akalichafua gauni lake jipya la kitenge cha buluu. Aliomba radhi hadi watu wakacheka. Secilia, fundi cherehani mwenye ulimi wake, akamwambia radhi haifui nguo. Kesho yake kijana akamletea sabuni kibandani. Basi, mambo yakaanzia hapo.

Kufikia mwezi wa saba, baridi imetanda milimani na kila mtu kavaa sweta, walikuwa na neno moja tu midomoni: bahari.

"Tunashuka Mombo," Aron alisema kwenye simu, "tunapanda treni hadi Korogwe."

"Si kipande kifupi tu hicho?"

"Kifupi, mpenzi, ila hujawahi kupanda treni, nami nilikuahidi treni. Halafu tunapanda basi, kupitia Muheza mpaka Pangani. Pale tunavuka mto kwa kivuko. Ng'ambo ndiyo Bweni. Kimya kabisa. Minazi, mchanga na wewe."

"Na Beatha," Secilia akasema.

Na Beatha, ndiyo. Mama yake Secilia alikuwa amesema wazi kwamba binti yake hasafiri na mwanamume ambaye hajamuoa bila msichana mwingine wa usharika kuwapo. Beatha aliimba kwaya moja na Aron, na mama yake mdogo alikuwa na nyumba Bweni. Beatha alikuwa pia na shingo ndefu, na kicheko ambacho wanaume waligeuka kukisikiliza. Secilia aliyajua hayo yote akayameza, maana bila Beatha hakuna safari.

Jumapili, baada ya ibada, watu wakakusanyika nje kwa mnada wa sadaka za mazao. Akaletwa jogoo mwekundu. Aron akapandisha bei, wenzake wakapandisha, mwisho jogoo akawa wake. Desturi ya pale ni kwamba anayenunua humtaja wa kupewa. Secilia akajiweka sawa kilemba.

"Apewe nani?" akauliza mzee wa kanisa aliyeendesha mnada, naye ndiye baba mzazi wa Secilia.

"Apewe Beatha."

Vigelegele vikapigwa. Beatha akapiga goti akampokea jogoo, akicheka kicheko chake kilekile. Nawaambia, Secilia hakungoja hata sala ya kufunga.

Secilia alipopokea simu hatimaye, Aron alikuwa amepiga mpaka amechoka.

"Secilia, nisikilize. Jogoo ni wa mama mdogo wa Beatha, anayetupokea. Mtu haendi kulala kwa watu mikono mitupu."

"Ungempelekea kimyakimya."

"Na aliyeuliza ni baba yako. Ningekutaja wewe, hata mshenga sijatuma, si ningemvunjia heshima?"

"Kwa hiyo mbele ya watu ni Beatha, mimi ni wa kwenye simu."

Aron akaanza kueleza upya, Secilia akamkatiza.

"Lisemwalo lipo, Aron, kama halipo laja. Nenda Bweni na huyo uliyemtaja."

Akakata. Siku zilizofuata alishona mikono ya blauzi kinyumenyume, akifumua na kushona tena, na kila akifumba macho aliwaona wawili wale wamesimama kwenye kivuko, bega kwa bega. Wivu ulimtesa hadi chakula kikamshinda. Kisha Aron akatuma ujumbe kwamba Beatha amejitoa. Safari imekufa. Secilia alitegemea kufurahi, asifurahi. Akafunga kibanda, akaenda saluni kwa Beatha.

"Nasikia huendi."

"Siendi. Sitaki kusafiri na mtu anayenihesabia pumzi."

"Nilikuonea wivu, Beatha. Bado nakuonea. Nisamehe."

Beatha akaweka chanuo mezani. Hakucheka.

"Hukukosea sana. Nilimpenda kabla hamjajuana. Yeye hajui, na hajanitazama hata siku moja. Wewe ulisikia vigelegele. Mimi nilifika nyumbani nikalia."

Secilia akatafuta pa kukaa. Wiki nzima alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa kupewa, kumbe hakupewa kitu. Na bado Beatha alikuwa amekubali kuvuka na yeye na Aron, awapikie, alale chumba cha pili akiwasikia wakicheka. Akatoa simu.

"Aron, Bweni hatuendi."

"Mpenzi, nakuomba..."

"Hatuendi mpaka umtume mshenga, usimame mbele ya baba unitaje mimi. Hiyo treni tutapanda tukiwa wawili, mume na mke. Hatutambebesha mtu mwingine mapenzi yetu."

Aron akauliza, "Baba yuko nyumbani leo?"

"Yupo."

Secilia alipokata simu hakuthubutu kuinua uso. Beatha akachukua chanuo lake, akavuta kiti mbele ya kioo.

"Keti nikusuke," akasema. "Huwezi kupokea wageni na kichwa hicho."