Mshikio wa Mkono wa Kushoto

Mshikio ulikuwa wa mkono wa kushoto. Elkanah aliushika, akaugeuza, akaushika tena kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, na kila alivyoushika vidole vyake vya kulia vilikosa pa kukaa.

"Umekosea, Mark. Mimi natumia mkono wa kulia."

Mark alikuwa fundi wa matengenezo katika makao ya wazee walikofanya kazi wote wawili. Jumamosi alichonga vitako vya bunduki katika gereji yake huko Champlin, Minnesota. Bunduki ya Elkanah ilikuwa ya upepo tu, ya kulengea makopo, lakini kitako chake cha plastiki kilimteleza shavuni, na Mark alikuwa amekubali kumtengenezea kingine cha mbao nyeusi chenye mshikio unaofuata kiganja chake. Ndiyo maana wiki tatu nyuma Elkanah alilaza mkono juu ya karatasi na kuuzungushia penseli.

Mark hakubishana. Alifungua droo, akaitoa karatasi ile. "Nimefuata ulichonichorea. Nilidhani uliumia kidole."

Mkono wa kulia na wa kushoto ukichorwa unaweza kukuchanganya. Kidole hakichanganyi. Kwenye karatasi ile kidole cha mwisho kiliishia kwenye kiungo cha kwanza, na Mark, fundi mwaminifu, alikuwa amekichongea kishimo kifupi cha kukitosha. Elkanah alitazama vidole vyake kumi vizima, kisha akaitia mikono mifukoni.

Alikijua kidole kile. Kilikatwa na mkanda wa mashine ya kusagia mahindi kule Nyamira, na mwenyewe alikuwa chini ya udongo tangu mwaka wa tisini na mbili.

Sasa tuseme ukweli, maana yeye hakuusema. Mtu huyu hakuwa Elkanah. Elkanah alikuwa kaka yake, mwenye akili, mwenye shabaha, aliyesoma kwa koroboi hadi chuo kimoja cha Minnesota kikamwandikia barua. Malaria ilimuua siku kumi kabla ya safari. Ndugu hao walifanana kama shilingi kwa ya pili, na baba yao alikaa na pasipoti mkononi usiku kucha, asubuhi akasema, "Mtu huzikwa. Viza haizikwi." Jeneza likapigiliwa misumari, ikatangazwa kwamba aliyekufa ni mdogo mtu, Nahashon. Mama alilia jina lisilo la maiti. Nahashon mwenyewe alikuwa amefichwa kwa shangazi Nairobi, akijifunza kuandika sahihi ya marehemu. Nasi tumwite Nahashon, japo duniani hakuna mwingine aliyebaki wa kumwita hivyo.

Alirudi nyumbani Richfield na bunduki ndani ya blanketi. Mkewe, Peris, mimba ya miezi saba ikimtangulia, alimpokea mlangoni akakunja pua.

"Elkanah, umemwagikiwa na mafuta ya taa?"

"Mafuta ya taa Marekani utayatoa wapi?"

"Sasa mbona unanuka koroboi?"

Alicheka, akateremka chini ya nyumba, kwenye chumba alichobandika karatasi za shabaha. Huko akausugua mshikio kwa msasa, akaziba kile kishimo kwa nta ya mbao, akakiacha kikauke. Kesho yake kishimo kilikuwa wazi tena, safi, kama kimelambwa. Akaziba. Kikazibuka. Mara ya tatu aliona kwamba na upande wa kulia wa kitako, pale ambapo anayelenga kwa kushoto huegemeza shavu, mbao ilikuwa na alama ya jasho, nayo bado ilikuwa na joto.

Kumbuka, kwao marehemu hupewa mtoto. Anapozaliwa mtoto huitwa jina la aliyetangulia, na aliyetangulia hupata pa kukaa akatulia. Elkanah hakupewa mtoto yeyote. Angepewaje, naye kwa karatasi yu hai, anafanya kazi Minnesota? Jina lake lilikuwa limevaliwa na mtu mzima kama koti la mtumba, na mwenyewe akabaki nje, baridini, miaka minne.

Peris alijua sehemu tu ya habari ile, kwamba mumewe alifiwa na ndugu aitwaye Nahashon. "Mtoto akiwa wa kiume tumwite Nahashon," alisema jioni moja akikunja nguo ndogo. "Huyo ndugu yako maskini apumzike."

"Hapana."

"Kwa nini? Si ni damu yako?"

"Nimesema hapana, Peris." Akaondoka mezani. Aliona haya, na haya yake ikageuka hasira, kama kawaida ya waongo.

Alhamisi ile akitoka kazini mchana alimkuta Peris ametabasamu. "Siku hizi unalenga, kwani? Nimeona karatasi. Matundu yote katikati."

Nahashon hakuwahi kupiga katikati. Utotoni kaka yake ndiye aliyeangusha ndege kwa manati, yeye akiwa mwokotaji. "Umeona lini?"

"Si leo saa nne? Nilisikia kachak, halafu fuu, kama mtu anazima koroboi. Nikachungulia kwa ngazi, nikakuita. Ukageuka ukacheka. Lakini Elkanah," alipunguza sauti, "tangu lini unashika kwa kushoto?"

Saa nne Nahashon alikuwa akimlisha uji mzee mmoja aliyepooza, maili sita kutoka hapo. Alimweleza hivyo. Peris alishika tumbo kwa mikono miwili, na sauti ikapanda kutoka chini, polepole, bila haraka yoyote. Kachak. Fuu.

Jumapili, baada ya ibada, walimleta Mama Brigitha. Alikuwa Mtanzania wa Musoma, muuguzi wa miaka mingi, na Waafrika wa mji ule walimwita pale dawa za hospitali zilipokwama. Hakuja na makelele. Aliiweka bunduki juu ya meza ya chakula, akaipaka mafuta, akainusa.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Nahashon. "Huyu haondoki kwa kelele, anaondoka kwa kuitwa. Lazima nimwite kwa jina lake la kweli. Ukinipa la uongo, mimi sijui nitakuwa namfukuza nani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni nani huyu?"

Nahashon alimtazama mkewe. Akisema Elkanah, Peris atauliza, na wewe ni nani? Atauliza amefunga ndoa na nani, mtoto ni wa nani, na jibu likitoka mlango huu litafika uhamiaji. Neno moja tu. Alilifikisha hadi kwenye meno, akaliona zito, akalimeza.

"Ni ndugu yangu," alisema. "Nahashon."

Mama Brigitha alifumba macho, akaweka viganja juu ya mbao. "Nahashon! Huna kazi katika nyumba hii. Kwa jina la Bwana, Nahashon, toka!"

Miguu ya Nahashon ikasimama. Yeye hakuisimamisha, alishika ukingo wa meza na vidole vikapita ndani ya mbao, na miguu ile ikampeleka kando ya Peris aliyekuwa ameinamisha kichwa akiomba, ikampitisha sebuleni, ikampitisha mlangoni, na kila alipoitwa, Nahashon, toka, Nahashon, toka, ilimsogeza hatua nyingine hadi akajikuta katikati ya ua na soksi tu, ndege ikipita juu yake kushukia uwanja wa ndege, jua jeupe la Januari likimwakia usoni bila joto. Aligeuka kutazama alikopita. Theluji ilikuwa laini, haikukanyagwa.

Alikimbilia dirisha. Ndani, kwenye kiti chake, alikaa mtu amevaa sweta lake. Bunduki ilikuwa mapajani pake, mkono wa kushoto ukiwa umeshika mshikio, na kidole kifupi kimetulia ndani ya kishimo chake. Peris alikuwa akimfuta jasho, analia kwa furaha.

"Peris!" Nahashon alipiga kioo. "Peris, mimi ni Nahashon! Mimi ndiye Nahashon!"

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alikuwa amesema kweli. Peris aliruka, akamshika Mama Brigitha mkono. "Mama, bado kiko! Kiko nje, kinasema ni Nahashon!"

Mama Brigitha alikuja dirishani, akatazama theluji tupu. "Usikijibu. Kitachoka."

"Tumpe mtoto jina lake," Peris alisema. "Si atatulia?"

Hapo yule wa kitini akainua uso, akatazama moja kwa moja dirishani, na Nahashon akaona kwamba kaka yake amemwona.

"Hapana," Elkanah alisema. "Mtoto tusimwite jina hilo kamwe."

Peris aliitikia kwa kichwa, akavuta pazia.